Radhi ya Nyumbani

Teksi za mji wetu zinajiendesha zenyewe. Mimi nakaa kiti cha mbele ili zikigonga mtu, awepo binadamu wa kuomba radhi. Sisi tuliokuwa madereva hatulipwi kwa safari tena. Tunalipwa kwa kila radhi iliyokubaliwa, na mimi sijawahi kukataliwa.

Jumapili nilikosa arobaini ya mama mkwe. Zamu ya kazi ya siku ile niliiomba mwenyewe.

Niliporudi nilimpigia magoti mke wangu, Mwanaidi, mkono kifuani, kichwa nimekiinamisha. Machozi yakaja kwa wakati wake.

“Baba Zuhura,” akasema taratibu, “hiyo ni radhi ya kazini. Niombe ya nyumbani.”

Nikabaki pale magotini, naitafuta. Machozi yaliendelea kutoka vizuri tu.