Tuta la Kona ya Juu

Lori la Nyanzobe lilikuwa refu hata kunguru walilipisha njia. Sasa gurudumu lake la mbele lilining'inia juu ya shimo la mgodi, kwa sababu Bundala, dereva wa greda, alikuwa amekwangua tuta la ukingoni, lile linalozuia malori yasitumbukie, ili afukie mashimo ya barabara.

Nyanzobe alishuka na spana ya magurudumu, akamfuata Bundala kando ya greda. Pigo la kwanza likamng'oa Bundala meno.

"Tuta linatakiwa lifike kimo gani, kaka?"

"Nusu ya gurudumu, dada. Bosi alitaka barabara laini."

Pigo la pili likamvunja goti, akaanguka ukingoni.

"Basi lala hapo hapo. Leo tuta ni wewe."

Kule juu, lori jingine lililoshiba mawe lilianza kuteremka. Bundala akakwangua udongo kwa kucha, akiurundika mbele ya kifua chake.