Mjane wa Muhanga

Ni yupi kati ya wale fisi watano aliyemuua Muhanga, mnyama mchimba mashimo, mpaka leo hakuna ajuaye. Wote walikuja matangani, na wote walilia. Kosa la marehemu lilikuwa kukataa kuwatolea fungu la ulinzi, chakula walichodai ili wasimdhuru.

“Shemeji, nawe utakataa?” mkubwa wao alimnong'oneza mjane.

“Mnalala wapi, shemeji?”

“Kwenye shimo alilotuchimbia mumeo.”

“Masika yakilibomoa, atawachimbia nani?”

 Mbuga nzima alibaki mchimbaji mmoja tu, na ndiye huyo mjane ambaye fisi alikuwa akimtisha.

Kwa kuwa muuaji hakujulikana, wafiwa wakaamua kwamba fisi wote wasilale tena ndani ya kazi ya marehemu. Aliyelifukia shimo lao ni mjane mwenyewe, mchana kweupe, fisi wote watano wakimtazama.