Hoja Iliyoshangiliwa

Siku hizi dunia haiamuliwi na marais. Kila kijiwe cha kahawa kina chombo cha kusikiliza, na hoja ya siku iliyoshangiliwa kuliko zote hutekelezwa kesho yake adhuhuri, popote pale duniani, ila ikizidiwa kwa makofi na nyingine kabla ya saa hiyo.

Mume wangu Shaweji ndiye bingwa wa kijiwe cha hapa Ngamiani. Jana wenzake wote walikubaliana kwamba vita vya Sarvani visimamishwe, na kijiwe kikapoa. Nikamsikia kutoka dirishani akishika upande wa pili, kwa kupenda ubishi tu.

"Livunjwe daraja lao! Watapigania nini tena?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Makofi yakarindima, na muuza kahawa akagonganisha vikombe vyake. Chombo hakijui mzaha.

Jioni redio ikatangaza: daraja la Sarvani litavunjwa. Binti yetu Raya ni muuguzi huko, na njia yake ya kutoka ni daraja hilo.

Leo alfajiri Shaweji alirudi kijiweni. Akasema taratibu kwamba daraja liachwe, kuna watoto wa watu.

"Kweli kabisa, mzee," wakaitikia, wameinamisha vichwa. Nani apige makofi kwa jambo kama hilo?

Saa tano Raya akapiga simu.

"Mama, wametuzuia kuvuka. Hebu nipe baba, yeye ndiye anayezielewa siasa hizi. Nani kashauri haya?"

Nikampa simu. Bingwa wa kijiwe akaishika kwa mikono miwili.