Golikipa Benchini

Katika fainali ya hoki ya barafu kila timu ilikuwa imeshinda mechi mbili, na hii ilikuwa ya tano. Timu ya Ludovic, golikipa, iliongoza kwa bao moja alipomchapa mpinzani fimbo ya kifundo cha mguu. Enzi hizo hata golikipa alitumikia adhabu mwenyewe: dakika mbili benchini, na mechi ilibakiza hizo hizo. Golini akaingia Hektor, beki anayefumba macho kisahani, ule mpira bapa wa hoki, kikija.

"Fumbua macho, we gogo!" Ludovic alifoka, akirusha miguu pale benchini kana kwamba anazuia mabao.

"Kaka, utanivunjia benchi," alisema mtunza saa.

Kisahani kikafyatuliwa. Wachezaji wote wakaangukia golini, lundo moja.

"Kimeingia?" Ludovic alimuuliza mtunza saa.

"Ngoja wafukuliwe."

Refa alipiga magoti, akaanza kuondoa mguu mmoja mmoja.