Ua Lililokabidhiwa Kitovu

Tangu sheria ikataze mmea wowote kuishi zaidi ya msimu mmoja, Upareni hapakubaki hata mgomba wa kuzika kitovu cha mtoto shinani pake. Ndipo Bibi Namkunda akakizika cha mjukuu wake chini ya ua pori jeupe, jamaa ya ua la bustani liitwalo kaneshen, linalokauka kiangazi na kuchipua tena mzizini.

Afisa Mbwambo, msimamizi wa sheria hiyo, alipoligundua, akainua jembe.

"Chimba, mwanangu," bibi akamwambia. "Ukikifukua kitovu cha mjukuu wangu, ukamkabidhi mama yake wewe mwenyewe."

Mbwambo, naye Mpare wa kuzaliwa aliyejua mwiko wa kufukua kitovu, akashusha jembe, akakata shina tu, mzizi akauacha.

"Mwakani italetwa mashine, bibi. Hiyo haina kitovu."

Bibi akashindilia udongo kwa kisigino.

"Na ije. Itatukuta hapa, mimi na ua langu."