Kanda Iliyosafishwa

Mashavu alikuwa ameitunza kanda ile tangu ujana. Marehemu mumewe aliirekodi mwenyewe kwenye onyesho la bendi ya roki, kinasa sauti kakificha ndani ya koti, usiku ule ule aliomwambia atamwoa.

"Haya bibi, imesafishika," fundi Kombe akajisifu. "Makelele ya watu nimeyapunguza. Sasa hata mnong'ono utausikia."

Mashavu akamshika mkono dada yake, Hidaya, aliyemsindikiza. Magitaa yakanguruma, wimbo ukaisha, kisha zikatoka sauti za watu, safi kama wamekaa nao mle kibandani.

"Kweli unamwoa Mashavu?" rafiki wa marehemu aliuliza.

"Nifanyeje, ndugu yangu? Hidaya kanikataa. Bora nimchukue mdogo wake, walau nitakuwa namwona mwenyewe akija kututembelea."

"Zima, mwanangu," Hidaya akamwambia fundi, uso kauinamisha.

"Usiguse," Mashavu akasema, na mkono wa dada yake akauachia.

Kwenye kanda, Mashavu wa siku zile alikuwa anarudi mbio, anahema na kucheka. "Soda zenu hizi! Nimepitwa na nini?"

"Hujapitwa na kitu, mpenzi," marehemu akamjibu, na umati mzima ukashangilia.