Zamu ya Shimo la Nne

Maradhi ya kuhara yalipoingia katika mashimo manne ya nungunungu, mganga wao, asiyependelea mtu, alipiga kura: kila wiki shimo moja lipewe dawa na mengine yangoje, ionekane kama inaponya kweli. Shimo la dada yake likaangukia mwisho.

“Kaka, wanangu wanaisha! Dawa naiona mkobani mwako.”

“Nikikupendelea, nani ataiamini? Subiri, dada. Zamu yako ipo.”

Wiki ya nne wazee walimshangilia. Kila shimo lililopewa dawa lilipona, lililongoja lilizika. Sasa kila nungunungu aliamini.

Mganga akakimbia na mkoba hadi shimo la nne. Aliita, hakuitikiwa. Akaiacha dawa mlangoni, kwa kuwa zamu ilikuwa yao.